Alama ya kijani si bekapu: ingia ndani ya mashine ukaangalie

Wadogo zangu mnaotunza seva, maswali yaliyonifikia mara hii yanafanana sana, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja. Mmoja wenu anatunza mashine pepe za SACCO, mwingine yuko hospitali ya wilaya, wa tatu ameajiriwa juzi juzi kwenye kampuni ya usafirishaji na amekabidhiwa kila kitu bila hata karatasi moja ya maelezo. Wengine mnasema bekapu ilikuwa ikimalizika salama kila usiku, sasa inaleta hitilafu ya kugandisha mashine. Wengine mnasema hakuna hitilafu yoyote, ila siku mlipojaribu kurejesha, hifadhidata iligoma kufunguka. Na nyote mnauliza: nifute draiva zote nisakinishe upya?

Hapana, mdogo wangu. Usifute chochote kwanza. Tuelewane kitu gani kinafanya kazi gani, ndipo tuguse.

Bekapu ya mashine pepe huchukuliwa kutoka nje. Programu ya bekapu inaiambia haipavaiza, iwe VMware, Hyper-V au Proxmox, itengeneze snapshoti ya diski, kisha inasoma data iliyomo. Tatizo ni kwamba haipavaiza inaona diski tu. Haijui kwamba muda huo huo SQL Server imeshika nusu ya muamala kwenye kumbukumbu na nusu nyingine imeshaandikwa kwenye diski. Ni kama kupiga picha daftari la duka wakati mwenye duka bado anaandika: jina la mdaiwa lipo, kiasi hakijaandikwa. Ndiyo maana lazima awepo mtu ndani ya mashine wa kusema, "Subirini kidogo, malizeni mnachoandika, picha inapigwa." Huko ndiko kugandisha mashine.

Kazi hiyo ndani ya mashine inafanywa na vipande vidogo ambavyo wengi wetu tulivisakinisha siku ya kwanza kwa kubofya "Next, Next, Finish" na hatujavitazama tena. Kwenye VMware kinakuja ndani ya VMware Tools, na kinaitwa Volume Shadow Copy Services Support. Kwenye Hyper-V ni mojawapo ya huduma za ushirikiano, ile ya bekapu. Kwenye Proxmox na KVM kwa ujumla ni QEMU Guest Agent, na ajenti huyo naye hawezi kusikia chochote kutoka nje kama draiva ya vioserial haipo. Kwa Windows, wote hawa wanaishia kuongea na huduma moja ya Microsoft, VSS (Volume Shadow Copy Service), ambayo imekuwepo tangu Windows XP na Windows Server 2003.

VSS inafanya kazi kwa saa mkononi, na hapa ndipo hitilafu nyingi zinapozaliwa. Kila programu kubwa, kama SQL Server, Exchange au Active Directory, ina "mwandishi" wake ndani ya VSS. Bekapu ikiomba nakala, waandishi wanaambiwa wamalize walichoshika na wasimame. Kusimama huko kuna kikomo cha sekunde 60, na ile hatua ya mwisho ya kushikilia maandishi yote ya diski ili nakala itengenezwe inapewa sekunde 10 tu. Diski ikiwa imeelemewa, au ukapanga bekapu za mashine zote zianze saa sita kamili usiku kwenye stoo moja ya diski, sekunde 10 zinapita na kazi inavunjwa. Ukiona hitilafu inatokea usiku mmoja na usiku mwingine haitokei, anza kushuku muda na mzigo kabla hujashuku draiva. Achanisha ratiba, mashine hii saa sita, nyingine saa saba, kisha uone. Hiyo ni dawa isiyogharimu kitu.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na nitakisema waziwazi kwa sababu ni hatari. Mifumo hii mingi, ikishindwa kugandisha mashine, haisimami. Inaendelea na bekapu ya namna ile ya mashine iliyozimwa ghafla umeme ulipokatika, kisha inakuwekea alama ya kijani, au ya njano isiyosomwa na mtu. Programu nyingi za bekapu zina chaguo la kujaribu kugandisha na kupuuza ikishindikana, na mafundi hulichagua ili ripoti ya asubuhi iwe safi. Proxmox ikikuta ajenti hajibu, inaandika mstari mmoja kwenye logi kwamba imeruka hatua ya kugandisha, na kazi inakamilika. Hyper-V nayo ikishindwa kutengeneza checkpoint ya aina ya Production hurudi kwenye ile ya kawaida kimya kimya, isipokuwa umeiamuru kwa kuweka ProductionOnly.

Kwa hiyo hata ninyi ambao hamna hitilafu, swali hili ni lenu pia. Hospitali inaweza kukaa mwaka mzima na bekapu za kijani ambazo hakuna hata moja iliyogandishwa sawasawa. Nakala kama hiyo mara nyingi inafunguka, sikudanganyi. Hifadhidata za kisasa zimeundwa zijirekebishe baada ya kuzimika ghafla. Lakini "mara nyingi" si neno la kumwambia daktari anayetafuta faili la mgonjwa. Na kwa walio Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja uwezo wa kurejesha data binafsi kwa wakati pale ajali inapotokea. Kurejesha, si kuhifadhi tu.

Basi tuingie ndani.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika vssadmin list writers, bonyeza Enter. Itakuja orodha ndefu. Usiipitie haraka haraka. Kila mwandishi ana mstari wa hali yake na mstari wa kosa lake la mwisho. Unachotaka kuona ni Stable na No error. Ukikuta SqlServerWriter imeandikiwa Failed au Retryable error, umeshapata pa kuanzia, na pengine VMware Tools haina hatia yoyote. Washa upya huduma ya mwandishi huyo: kwa SQL ni SQL Server VSS Writer, kwa System Writer ni Cryptographic Services, kwa WMI Writer ni Windows Management Instrumentation. Andika amri tena. Ikiwa wamerudi Stable, endesha bekapu kwa mkono ukiwa macho, uone. Ukitaka kuwasha upya huduma hizi mchana wa kazi, uliza kwanza nani anazitumia. Ile ya WMI hasa ina huduma nyingine zinazoitegemea na zitazimika nayo.

Kisha andika vssadmin list providers. Hii inaorodhesha watoa nakala (providers), na hapa unatafuta wageni. Yule wa Microsoft lazima awepo. Ukikuta mwingine wa programu ya bekapu ambayo ofisi iliacha kuitumia zamani, umemkamata mshukiwa mkubwa. Watoa nakala wawili wanaogombania mashine moja ni chanzo cha matatizo ambacho watu hukizunguka kwa wiki nzima bila kukiona, kwa sababu kila mmoja peke yake anaonekana mzima.

Kwa VMware, angalia toleo la Tools kwa amri VMwareToolboxCmd.exe -v iliyo ndani ya folda ya VMware Tools. Kisha nenda kwenye orodha ya huduma za Windows, tafuta VMware Snapshot Provider. Ukiikuta imesimama na imewekwa Manual, usishtuke. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa; inaamshwa wakati wa snapshoti na kulala tena. Nimeona mafundi wakiibadilisha kuwa Automatic wakidhani wametibu. Kinachotakiwa kukutisha ni ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, au imewekwa Disabled.

Na kuna vitu vya nje ya mashine ambavyo vinafanana na ugonjwa wa draiva lakini si draiva. VMware inahitaji mpangilio wa disk.EnableUUID uwe TRUE ili igandishe programu za ndani ya Windows Server ya 2008 na kuendelea. Haikubali diski za IDE kwa kazi hii wala diski za aina ya dynamic. Na inataka kwenye kidhibiti cha SCSI pawe na nafasi tupu sawa na idadi ya diski ulizonazo. Ukiwa umejaza nafasi zote, utasakinisha Tools mpaka mikono ikuume na hitilafu itabaki pale pale.

Kwa Hyper-V, kwenye mwenyeji andika Get-VMIntegrationService -VMName ikifuatiwa na jina la mashine, uone kama huduma ya bekapu imewezeshwa. Ndani ya mashine, huduma inayoitwa vmicvss iwepo. Tangu Windows Server 2016 vipande hivi vinasasishwa kupitia Windows Update, kwa hiyo mashine ambayo umeizuia kusasishwa kwa miaka inabaki na vipande vya kale.

Kwa Proxmox, amri ni qm agent, namba ya mashine, kisha ping. Ikirudi kimya bila kosa, ajenti yupo na anasikia. Na hapa wengi hukwama: ukiwezesha chaguo la QEMU Guest Agent kwenye mipangilio, kuwasha upya kutoka ndani ya Windows au Linux hakutoshi. Zima mashine kabisa, kisha iwashe kutoka Proxmox. Kifaa cha mawasiliano kinaongezwa mashine inapoanzishwa upya kutoka nje, basi.

Mkishajua nini kipo na nini hakipo, sasa tunaweza kuongea habari ya kubadilisha.

Kabla ya kugusa, chukua nakala moja unayoiamini. Ukipewa dirisha la usiku, zima mashine vizuri na uifanyie bekapu ikiwa imezimwa. Hakuna cha kugandisha, nakala ni safi. Unaweza kuongeza snapshoti kwa ajili ya kurudi nyuma haraka, lakini snapshoti si bekapu. Inakaa kwenye diski zile zile, na VMware wenyewe wanashauri usiiache zaidi ya saa 72. Andika kwenye simu yako siku ya kuifuta.

Hakikisha pia una njia ya konsoli kutoka kwenye haipavaiza. Usifanye kazi hii kwa Remote Desktop peke yake. Draiva ya kadi ya mtandao ya VMXNET3 inakuja na VMware Tools. Ukiondoa Tools zote, mtandao unakatika ukiwa katikati ya kazi, na saa nane usiku hakuna wa kukufungulia chumba cha seva. Nakili anwani ya IP, geti la mtandao na DNS kwenye karatasi kabla, kwa sababu kadi ikirudi inaweza kurudi kama kadi mpya isiyojua anwani yake.

Lakini mara nyingi huna haja ya kuondoa Tools zote. Nenda kwenye Programs and Features, chagua VMware Tools, bofya Change, kisha Modify. Utaona mti wa vipande, kila kimoja na alama yake. Shuka mpaka kwenye draiva. Kando ya Volume Shadow Copy Services Support, alama ya X nyekundu maana yake hakijasakinishwa. Bofya, chagua kisakinishwe kwenye diski, endelea. Vingine usiviguse: kile cha Paravirtual SCSI, kwa mfano, ndicho pengine kinachoshika diski inayowashia Windows. Baada ya hapo panga kuwasha upya mashine hata kama haijakuomba.

Kwa wenye mashine nyingi mnaotumia usakinishaji wa kimya kimya, angalieni sana ADDLOCAL=ALL. Neno hilo linasakinisha kila kitu, pamoja na draiva za kukagua faili na mtandao za NSX ambazo ofisi isiyo na NSX haina kazi nazo, na pamoja na kile kipande ambacho mwenzako aliyekutangulia alikiondoa kwa makusudi. Usichokitaka kitaje wazi kwenye REMOVE.

Nimesema "kwa makusudi" kwa sababu ipo hali ambayo kipande cha VSS cha VMware kinatakiwa kiondolewe. Baadhi ya programu za bekapu huja na mtoa nakala wao, na mwongozo wao unakutaka uondoe kile cha VMware ili visigongane. Nyingine huongea na VSS moja kwa moja bila kupitia Tools. Kwa hiyo jibu la "kiwepo au kisiwepo" halitoki kwangu wala kwa rafiki yako wa kundi la WhatsApp. Linatoka kwenye mwongozo wa programu yako, wa toleo lako. Usome. Ni kurasa chache, mdogo wangu, na zitakuokoa usiku mzima.

Linux inaonekana rahisi, nayo ina mtego wake. Sakinisha open-vm-tools kutoka kwenye hazina ya Debian, Ubuntu au Red Hat yako, au qemu-guest-agent kwa Proxmox. Vitagandisha mfumo wa faili. Hifadhidata ni habari nyingine. Hiyo unaishughulikia mwenyewe kwa skripti ya kabla ya kugandisha na ya baada ya kuachia. Sasa fundi anaandika kwenye skripti yake ya MySQL amri ya FLUSH TABLES WITH READ LOCK, inapita bila kosa, anafurahi. Kumbe kufuli hilo linashikiliwa na muunganisho ulioliomba. Amri ikimalizika, muunganisho unafungwa, kufuli linaachiwa, na snapshoti inachukuliwa meza zikiwa wazi. Lazima muunganisho ubaki hai mpaka snapshoti ikamilike. Kama hilo linakushinda kwa sasa, fanya bekapu ya mysqldump kwenye diski dakika chache kabla ya bekapu ya mashine. Si ya kifahari, lakini utalala.

Neno kwa wanaohama. Tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwezi Novemba 2023 na kubadili uuzaji wa leseni, wengi wenu mmeniuliza kuhusu kuhamia Proxmox. Ondoa VMware Tools wakati mashine bado iko VMware, kwa sababu ukishahama kiondoaji chake kinagoma kikiona hakipo nyumbani. Na Windows haiji na draiva za VirtIO. Ukiiwasha moja kwa moja kwenye diski ya VirtIO itakupa skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Iwashe kwanza kwa SATA, ongeza diski ndogo tupu ya VirtIO SCSI pembeni, sakinisha draiva kutoka kwenye faili la virtio-win, Windows ikishaitambua ile ndogo, zima, kisha badilisha diski kuu. Zoezi hili ni la subira tu. Na bekapu zako za zamani za VMware usizifute mpaka umerejesha walau mashine moja kutoka kwenye bekapu mpya.

Ambaye bado ana hitilafu baada ya yote haya, abadilishe kitu kimoja kwa usiku mmoja. Ukibadilisha toleo la Tools, ratiba na skripti kwa pamoja, hata ukipona hutajua umeponywa na nini, na mwezi ujao utaanza upya. Kuwa na daftari: mashine gani, kipande gani, toleo gani, nani amebadilisha na kwa nini. Yule mdogo wangu wa kampuni ya usafirishaji anateseka leo kwa sababu hakuna aliyeandika mistari hiyo.

Bosi akikuuliza kwa nini unataka saa mbili za kuzima mfumo wakati ripoti zote ni za kijani, usimweleze VSS. Mwombe mashine ya majaribio na nafasi ya diski, mrejeshee seva ya hesabu mbele yake ikiwa imetengwa na mtandao wa ofisi, ufungue hifadhidata, umwonyeshe muamala wa mwisho wa jana. Ikifunguka, umepata ushahidi. Isipofunguka, atakupa saa mbili hizo mwenyewe.

Wiki hii basi, chagua mashine moja tu, ile ambayo ikipotea ofisi inasimama. Ingia ndani, andika vssadmin list writers au mpigie ajenti ping, fungua logi ya bekapu ya jana uusome mstari wa kugandisha. Kisha irejeshe pembeni na ufungue hifadhidata yake. Utakachokikuta, kizuri au kibaya, niandikie.